Zinki Isiyoliwa

“Rudia,” alisema Inspekta.

“Nimerudia mpaka mate yamenikauka, afande.”

“Rudia tena. Anzia pale ulipomwona.”

Mpiga mbizi alijifuta uso kwa kiganja. Kazi yake ilikuwa kukwangua ukoga chini ya mashua za watu pale gatini, na mikono yake ilikuwa na mikwaruzo ya kazi hiyo mpaka kwenye viwiko. Mwili kama ule ungetosha kubeba watu wawili majini kwa wakati mmoja. Ndiyo maana gati zima lilikuwa likiuliza swali lilelile: ilikuwaje mtu kama yeye akaogelea mpaka karibu na mwanamke anayezama, kisha akageuka na kurudi?

“Nilikuwa chini ya mashua ya pili kutoka ya Shangazi na mumewe,” alianza. “Nikatoa kichwa nje kupumua. Nikamwona Shangazi yuko juu ya maji, nyuma ya mashua yao, amekakamaa. Macho wazi, mdomo wazi, sauti haitoki. Kisha kichwa kikaanza kuzama. Nikapiga mbizi kumfuata.”

“Ukamfikia?”

“Nilibakiza kama urefu wa kitanda. Maji yakanishika.”

“Maji yakakushika.”

“Yakanishika, afande. Miguu ikafa ganzi. Mikono ikajikunja yenyewe kifuani. Nikirudi nyuma napata nafuu, nikisogea mbele yananishika tena. Nikarudi nyuma.” Alitazama sakafu. “Nikamwacha.”

Inspekta alikuwa amesikia watu wakiusingizia ulevi, shetani na wake zao. Mtu wa kuyasingizia maji hakuwahi kumpata. Na maji yenyewe yalikuwa yamekwisha kutoa ushahidi dhidi ya huyu bwana, kwani muda mfupi baadaye meneja wa gati na mlinzi waliingia palepale, wakamtoa Shangazi akiwa amekwisha kufa, na hakuna aliyeshikwa na chochote. Meneja mwenyewe alisema maji yalikuwa baridi, basi.

“Ulikuwa na ugomvi nao,” alisema Inspekta.

“Mzee, mumewe, alinifukuza kazi. Alisema nimeichubua rangi ya mashua yake. Shangazi akaanza kuingia chini kukwangua mwenyewe.”

“Na ukamwambia mbele ya watu, ‘Siku yakikukuta huko chini usiniite.’ Ulisema au hukusema?”

“Nilisema. Hasira, afande. Tangu hapo tumesalimiana mara ngapi, amenipa chai mara ngapi.” Alijifuta uso tena. “Na kweli hakuniita. Angeniita, labda ningejikaza.”

“Kesho unafikishwa mahakamani kwa mauaji. Unaelewa?”

“Naelewa. Andika niliogopa. Mimi mwenyewe sasa sijui, labda niliogopa tu, na haya mengine nimejitungia ili niweze kulala.”

Hilo ndilo lililomsumbua Inspekta alipokuwa akitoka. Mwongo hukaza kamba, lakini huyu alikuwa akiilegeza mwenyewe. Na daktari aliyeupasua mwili hakukuta jeraha, sumu wala moyo mbovu. Mwanamke mzima wa afya, mwogeleaji wa tangu utotoni, alikuwa amezama nyuma ya mashua yake mwenyewe.

*

Wakazi wa gatini walimwita mume wa marehemu Nahodha, na walimwita hivyo kwa utani. Alikuwa karani mstaafu wa reli. Yeye na mkewe waliuza nyumba, wakanunua mashua kuukuu ya faiba, wakahamia humo na sufuria zao. Tangu waifunge gatini haikuwahi kwenda popote, na nahodha wake hakujua kuogelea hata hatua moja. Lakini alijua kila waya na kila mpira wa maji uliokuwamo ndani yake, maana alivifunga mwenyewe.

Inspekta alimkuta amepiga magoti chumbani, mfuniko wa sakafu umefunuliwa, akichota kwa kopo maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini kabisa ya mashua. Alikuwa akiyachota na kuyakamua kwa sponji kama anayemwogesha mtoto.

“Pampu imeharibika, mzee?”

“Pampu nzima. Bibie hakuiamini. Kila asubuhi lazima achote kwa mkono, anuse kama ni maji ya ziwa au ya bomba.” Aliendelea kuchota. “Sasa nisipochota naona kama atanigombeza.”

Chumba kilikuwa kidogo kiasi kwamba mtu akitaka kupika mwenzake lazima akae kitandani. Vikombe viwili vilining’inia kwenye ndoano. Kuvu ilikuwa imefutwa kwenye dirisha lote isipokuwa kona moja ya juu, ambayo mzee asingeifikia bila mtu mrefu kuliko yeye. Juu ya kamba ya nje taulo la kike lilikuwa limekauka likawa gumu, na hakuna aliyelianua.

“Umeshamfunga yule?” aliuliza Nahodha.

“Bado yuko ndani.”

“Alimfikia akamwacha. Niliona kwa macho yangu. Nilikuwa nimesimama hapo nyuma na upondo mkononi, haufiki, napiga kelele mpate, mpate, na yeye anarudi nyuma huku ananitazama.” Aliliweka kopo chini. “Mwanangu, mimi sijui kuogelea. Yeye anajua.”

Inspekta alikaa kwenye ngazi ili asimsimamie kichwani. “Nieleze asubuhi ile. Mambo madogo madogo. Mligawanaje kazi?”

“Maji yake, waya zangu. Ndivyo tulivyoishi. Kamba, sitaha, rangi, huko chini kote ni yeye. Injini, betri, choo, umeme ni mimi. Aliamka, akachota ngama, akakaza kamba za mbele kwa sababu upepo ulikuwa umegeuka. Akachukua kikwangulio chake akaingia majini, kama kila juma.”

“Na wewe?”

“Nilikuwa ndani nachemsha chai. Kulikuwa na ubaridi. Hita ya maji ya kuoga huwa tunaiwasha jioni tu, baada ya kila kitu. Asubuhi ile nikasema ngoja niiwashe mapema, akitoka akute maji ya moto.” Alitabasamu kidogo, na tabasamu lile lilikuwa baya kulitazama. “Hakujua. Nilitaka kumshtukiza.”

“Tangu siku ile umeiwasha tena?”

“Maji ya moto nayatakia nini?”

Inspekta aliitazama hita. Ilikuwa pipa jeupe chini ya kitanda, lenye kutu kwenye kiungio na alama za mkono wa fundi mvumilivu: solda hapa, kibanio pale. “Ikishapata moto?”

“Inajizima yenyewe. Kidogo tu, maana pipa lenyewe dogo. Mama Inspekta, unauliza habari za hita na muuaji unaye?”

“Nauliza kila kitu, mzee. Ndiyo kazi.”

Nahodha alikubali kwa kichwa. Kuulizwa habari za mashua yake, hata siku kama ile, kulimpa pa kushika. Alinyosha mkono kwenye rafu, akateremsha kisahani chenye vipande vya chuma cha kijivu. Vyote vilikuwa vimeliwa, vina matundu kama biskuti iliyopitiwa na panya. Kimoja tu kilikuwa kizima.

“Unajua hii ni nini? Zinki. Inafungwa kwenye shafti, karibu na rafadha, yale mapanga yanayosukuma mashua, huko majini. Kazi yake ni kuliwa. Maji yakitaka kula chuma, yanaanza na zinki, rafadha yako inapona. Basi mashua hii ilikuwa na ugonjwa. Zinki mpya, kabla hujazoea sura yake imekwisha. Bibie kila mara chini, anafunga nyingine. Nikasoma, nikasoma. Nikagundua tatizo si letu. Mashua zote hapa zimeunganishwa na gati kwa waya za umeme, kwa hiyo zinki yangu ilikuwa inalinda vyuma vya majirani. Nilikuwa nalisha gati zima!”

“Ukafanyaje?”

“Nikajitenga. Mwanzoni mwa msimu huu.” Aliinua ile zinki nzima ikapata mwanga wa mlangoni. “Juma moja kabla ya... kabla, aliifungua akapanda nayo, maji yanamchuruzika, akaniwekea mkononi. Akaniambia, ‘Tazama, daktari, mgonjwa wako kapona.’”

Alipofika hapo alilia waziwazi, mdomo wazi, bila kuficha uso. Inspekta alingoja. Kwenye vitabu mpelelezi hutumia nafasi kama hiyo kupekua droo, lakini yeye alimshika mzee bega mpaka mtikisiko ulipopungua.

“Kujitenga,” alisema baadaye, kwa upole. “Ulijitenga vipi?”

“Waya mmoja tu ndani ya plagi. Ule wa kijani na manjano, wa athi. Ndio uliokuwa unatuunganisha na wengine.”

Inspekta alitoka nje akasimama gatini, akitazama kebo ya umeme iliyotoka kwenye nguzo ya gati na kuingia kwenye ubavu wa mashua. Alikuwa akiliwaza friji la nyumbani kwao. Alipokuwa mdogo, ukilishika ukiwa umevaa kandambili, hakuna neno. Ukilishika miguu mitupu kwenye sakafu iliyopigwa deki, linakuchonyota mpaka begani na mkono unajikunja wenyewe. Mama yao alisema lina pepo. Fundi aliyekuja alisema halina waya wa athi, ule unaouchukua umeme ukivuja usipite kwa mtu.

Mkono ulijikunja wenyewe. Maneno hayo alikuwa ameyasikia asubuhi hiyohiyo, mbele ya mtu aliyeamini kwamba ni mwoga.

*

Fundi wa umeme wa jeshi la polisi alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini alipoelezwa alianza kufungasha mita na waya zake. Inspekta alimwomba Nahodha akakae ofisini kwa meneja, akamtaka meneja asiruhusu mtu yeyote kuingia majini. Meneja aliuliza kuna nini. Hakujibiwa.

Fundi alifunga waya mbili ndefu kwenye mita yake, akazitumbukiza ziwani nyuma ya mashua, moja karibu na rafadha na nyingine mbali kidogo.

“Hamna kitu,” alisema. “Sufuri.”

“Washa betri, taa, pampu.”

Alipanda, akawasha, akarudi kuchungulia. “Sufuri. Dada, labda tunawinda kivuli.”

“Sasa hita.”

Swichi ilisikika ikilia ndani. Mshale wa mita uliruka. Fundi alishuka kuchungulia, akarudi nyuma hatua nzima, kana kwamba mita ingemuuma.

“Usikaribie ukingo,” alisema. “Usiweke hata kidole.”

Ziwa halikubadilika. Lilikuwa limetulia, la kijani, bata wawili wanapita mbali, na kwa macho usingejua kama kuna chochote. Walisimama wakiutazama mshale. Inspekta alikuwa akingojea jambo moja zaidi, kwa sababu bila hilo mpiga mbizi angebaki mwongo.

Walingoja mpaka fundi akaanza kuhamahamisha miguu. Kisha ndani ya mashua kitu kililia tik, na mshale ukaanguka chini ukalala.

“Nani kazima?” fundi alishtuka.

“Hakuna. Maji yamepata moto, hita imejizima. Wale waliomtoa Shangazi waliingia wakati kama huu. Aliyeingia kabla yao ndiye aliyeyakuta yenyewe.” Inspekta aliutazama mshale uliolala. Kwa siku kadhaa alikuwa amemlaza mahabusu mtu aliyejaribu kufa kwa ajili ya mwenzake. “Hakuwa mwoga. Angesogea tena mkono mmoja tu, tungezika wawili.”

Fundi alikuwa amekwisha kuchomoa plagi na kuifungua kwa bisibisi. Alimwonyesha. Waya wa kijani na manjano ulikuwa umekatwa sawasawa, ukakunjwa nyuma na kuzungushiwa utepe mweusi. Ilikuwa kazi safi, ya mtu asiyependa uchafu.

“Hita ilipasuka chuma cha ndani, huenda siku chache tu kabla ya msiba,” alisema fundi. “Hilo hutokea. Lakini huu waya ungekuwapo, umeme ungepita humu, swichi ya gatini ingekatika palepale. Yule mama angetoka majini akilalamika tu kwamba maji ya kuoga ni baridi.”

“Ndiyo.”

“Utamwambia mzee?”

“Nitamwambia hita iliharibika. Si uongo.”

“Na waya?”

“Waya utakuwa kwenye ripoti. Ripoti hatuandikii wajane.”

Fundi alimtazama, akairudishia plagi skrubu zake moja moja.

*

Nahodha alikuwa ofisini kwa meneja, ameshika kofia mapajani. Alisimama alipomwona.

“Keti, mzee. Tumepata.” Inspekta alivuta kiti akakaa mbele yake. Maneno alikuwa ameyapanga njiani. “Hakuna aliyemuua. Ni hita. Chuma cha ndani kilipasuka, umeme ukapenya ukaingia majini. Yule kijana alisema kweli, maji yalimshika. Hakumwacha mkeo. Alijaribu mpaka mwili ukamkatalia.”

“Hita.”

“Hita.”

“Niliiwasha mimi.”

“Ulimwashia aoge maji ya moto. Hakuna mume mwenye mapenzi ambaye asingewasha.”

Mzee alikaa. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali mzigo na kuupima uzito. “Kijana wa watu,” alisema. “Nimemtukana mbele ya kila mtu. Mtoeni. Mtoeni leo.”

“Anatoka leo.”

Inspekta aliona kama yamekwisha. Aliinuka nusu. Lakini kidole cha Nahodha kilikuwa kimeanza kutembea juu ya goti lake, kikienda na kukata kona, kikirudi na kuanza upya, kama kinavyotembea kidole cha mtu anayefuatilia waya ndani ya ukuta.

“Chuma kikipasuka, umeme unaingia kwenye pipa,” alisema, bila kumwambia mtu. “Pipa limefungwa na injini. Injini na shafti. Shafti na rafadha. Rafadha iko majini.”

“Ndivyo. Inatosha, mzee.”

“Ngoja. Hiyo ni njia ndefu. Umeme hauchagui njia ndefu wakati fupi ipo. Kabla ya kufika majini ungerudi gatini kwa ule waya...”

Kidole kilisimama.

Inspekta alikuwa amepeleka habari za misiba kwenye milango mingi, na kila mara alikuwa yeye anayebisha hodi. Hii ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mtu akijipelekea mwenyewe. Alitamani mzee huyu angekuwa mjinga. Alitamani asingesoma kitu chochote maishani mwake.

“Wewe ulijua,” alisema Nahodha.

“Nilijua.”

“Ulitaka kunificha.”

“Nilitaka.”

Hakulia. Uso wake ulikuwa mkavu na umekuwa wa mtu mwingine. Alitazama dirishani, kule gatini, ambako jua lilikuwa limepanda na watu walikuwa wametoka kwenye sitaha zao. Mwanamke alikuwa akianika shuka. Mtu mmoja alikuwa amekaa nyuma ya mashua yake, miguu inaning’inia.

“Si yetu peke yake,” alisema.

“Unasemaje?”

“Walipoona zinki yangu inadumu waliniuliza siri. Jirani wa kulia. Yule mwalimu. Yule mama mwenye mapacha.” Alikuwa amekwisha kusimama, kofia imeanguka. “Niliwafanyia. Mimi mwenyewe, na bisibisi yangu. Nilikuwa najisifu, nikawafanyia!”

Alitoka mbio. Hakuwa mtu wa kukimbia, na mbao za gati zilikuwa na majimaji na magamba ya samaki, lakini alikimbia, na Inspekta akamfuata akimwita fundi aje na mita. Nahodha alifika kwa jirani wa kulia akapiga ubavu wa mashua kwa ngumi.

“Chomoa plagi! Chomoa umeme!”

Jirani alitokeza kichwa, povu la kunyolea kidevuni. “Pole, Nahodha. Tulia, ndugu yangu. Kuna nini?”

“Chomoa!”

“Nitachomoa, ngoja maji kwanza yachemke. Karibu ukae.” Alimgeukia Inspekta, akamwonyesha kwa macho kwamba mzee amechanganyikiwa, msiba umempanda kichwani. Inspekta aliishika kebo mwenyewe akaing’oa kwenye nguzo. Mzee alikuwa amekwisha kupita.

Mwalimu hakuwapo. Fundi aling’oa plagi yake.

Mwisho wa gati, mama mwenye mapacha alikuwa ameshika mtoto mmoja kwa mkanda wa boya, tayari kumteremsha majini, na wa pili akisubiri zamu yake kwa kelele. Meneja alikuwa amepita akasema watu wasiingie. Hakusema kwa nini, na kwa mtoto mwenye boya mkononi katazo la aina hiyo halikai.

“Usimwingize!” Nahodha alikuwa hapumui vizuri. “Chomoa plagi kwanza. Mtoe mtoto.”

“Jamani, Nahodha, umenishtua. Si uliitengeneza wewe? Ulisema sasa hata miaka mitano...” Alicheka kidogo, kwa upole anaopewa mjane. “Nichomoe kwa nini?”

Inspekta alifungua mdomo amsemee. Nahodha aliinua mkono kumzuia.

“Kwa sababu ndivyo nilivyomuua mke wangu,” alisema.

Mama alimvuta mtoto kifuani. Kelele za yule wa pili zilikatika. Inspekta aling’oa kebo, akasimama ameishika.

Nyuma yao, mashua iliyokuwa ng’ambo ya gati, kijana na mkewe walikuwa wametoka nje kuona kuna zogo gani. Nahodha aliwageukia. Hakusubiri kuulizwa.